Konokono, Gurudumu na Herufi X: Nani Hulipa Programu Ikiua?

Leo sizungumzii simu mpya wala lugha mpya ya kutungia programu. Nataka tuzungumze juu ya sheria, na kabla hujakimbia nivumilie kidogo, maana ndani yake mna msimbo, mna mionzi, na mna watu waliokufa.

Sisi tunaotunga programu tuna mazoea ya ajabu. Fungua programu yoyote uliyoinunua, teremka kwenye ule mkataba mrefu ambao hakuna anayeusoma, na utakuta maneno, mara nyingi kwa herufi kubwa, yanayosema kwamba unaichukua programu hii jinsi ilivyo na kwamba aliyeitunga hatawajibika kwa hasara yoyote. Muuza soda hathubutu kukuambia hivyo. Anayeunda magari pia hathubutu. Sasa mimi hujiuliza: soda na gari zilifungwa kamba lini, na sisi tulibaki huru kwa nini?

Tuanze na soda.

Tarehe 26 Agosti 1928, mama mmoja aitwaye May Donoghue aliketi kwenye mkahawa mjini Paisley, Uskoti. Rafiki yake akamnunulia kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, huoni ndani. Mama akanywa kiasi, kisha rafiki akamimina kilichobaki, na hapo, kwa maelezo ya mama huyo, yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Aliugua, akataka fidia. Tatizo ni kwamba si yeye aliyelipia chupa. Kwa sheria ya siku zile, kama huna mkataba na mtu ni vigumu kumdai kwa ubovu wa bidhaa yake, na Bi. Donoghue hakuwa na mkataba na yeyote, si mwenye mkahawa, si mwenye kiwanda. Mwaka 1932 kesi ilifika kwa majaji wa juu kabisa kule London. Watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayetumia bidhaa yake hata kama hajawahi kumwona. Kenya tulirithi sheria ya Waingereza, kwa hivyo mwanafunzi yeyote wa sheria wa hapa kwetu anamjua konokono huyu kama jirani yake.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwemo chupani. Majaji waliamua swali la sheria tu, yaani kama mambo ni hivi basi mama ana haki. Kabla ushahidi haujasikizwa, mwenye kiwanda alifariki na mambo yakamalizwa nje ya mahakama. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Marekani walikuwa wametangulia. Mwaka 1916 mahakama ya juu ya New York iliamua kesi ya bwana MacPherson, ambaye gurudumu la gari lake aina ya Buick lilivunjika akaumia. Njiti za gurudumu zilikuwa za mbao mbovu. Buick ilijitetea kwamba gurudumu lilitoka kwa kampuni nyingine na gari liliuzwa na wakala. Mahakama ikasema, wewe ndiwe uliyeliunganisha gari, ulipaswa kulikagua. Halafu mwaka 1963, huko California, katika kesi ya mtu aliyeumizwa na mashine ya useremala, mahakama ikaenda mbali zaidi: aliyeumia hahitaji hata kuthibitisha uzembe wa kiwanda. Aonyeshe tu kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro na kasoro ndiyo iliyomwumiza.

Ni sheria nzuri, naipenda. Lakini itazame kwa macho ya fundi wa programu. Gurudumu lililovunjika linabaki pale barabarani. Unaokota vipande, unavitia kwenye gunia, unavipeleka kwa mtaalamu wa mbao, na mtaalamu anamwambia jaji: hii mbao ilikuwa mbovu. Kosa la programu likishamaliza kazi yake haliachi kipande. Unawasha mashine tena, na inafanya kazi vizuri kabisa.

Basi njoo nikueleze habari ya Therac-25.

Ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa na AECL, kampuni ya nishati ya atomiki iliyomilikiwa na serikali ya Kanada. Ilianza kuuzwa mwaka 1982. Zilifungwa 11 kwa jumla, 5 Marekani na 6 Kanada. Mashine hii moja ilifanya kazi mbili. Kwa uvimbe ulio karibu na ngozi ilipiga elektroni moja kwa moja, kwa nguvu ndogo. Kwa uvimbe ulio ndani ilitoa eksirei, na kutengeneza eksirei kunahitaji mwale wa elektroni mkali zaidi, kiasi cha mara 100, unaogonga kipande cha chuma na kupita kwenye kichujio kinachoupunguza na kuusambaza kabla haujamfikia mgonjwa. Vifaa hivyo vyote vilikaa juu ya meza ndogo inayozunguka. Ukitaka elektroni, meza inazunguka hivi. Ukitaka eksirei, inazunguka vile. Sasa fikiria mwale wa eksirei umewashwa halafu meza imekaa upande wa elektroni. Hakuna kichujio, hakuna chuma. Ni mgonjwa na mwale.

Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma vilivyokataa jambo hilo lisitokee, hata tarakilishi iseme nini. Kwa Therac-25 wahandisi waliona kwamba programu inatosha, vizuizi vya nini tena? Programu yenyewe ilikaa kwenye tarakilishi ya PDP-11, na iliandikwa na mtu mmoja kwa lugha ya asembli. Sehemu yake ilichukuliwa kutoka mashine za zamani.

Mwezi Machi 1983 kampuni ilifanya hesabu ya usalama. Humo ilichukuliwa kama msingi kwamba makosa ya programu yalikwisha kupunguzwa kwa majaribio, na kwamba programu haichoki wala haichakai, kwa hivyo hayo hayakuhesabiwa. Uwezekano wa tarakilishi kuchagua aina ya mwale isiyo sahihi uliwekwa kuwa 4 katika bilioni. Soma tena hiyo sentensi ya kuchakaa. Ni kweli kabisa! Programu haichakai. Gurudumu la Buick ndilo huchakaa. Waliipima programu kwa kipimo cha gurudumu, wakaona haina kosa.

Mwezi Juni 1985, mjini Marietta, jimbo la Georgia, mwanamke wa miaka 61 alikuwa akitibiwa baada ya upasuaji wa saratani ya matiti. Alisikia moto mkali. Akamwambia fundi wa mashine: umeniunguza. Fundi akamjibu kwamba haiwezekani. Hakukuwa na alama yoyote siku ile. Siku zilivyopita, pale pakawa pekundu, bega likakakamaa. Daktari wa fizikia wa hospitali alikuja kukadiria baadaye kwamba alipigwa rad 15,000 hadi 20,000 mahali pale. Kipimo cha kawaida cha siku moja ni kama rad 200. Mwanafizikia huyo aliuliza AECL kama mashine inaweza kutoa mwale bila kuusambaza, akajibiwa kwamba hapana. Titi liliondolewa, mkono ukapoteza nguvu, na mwezi Oktoba mama akafungua kesi.

Tarehe 26 Julai mwaka huo huo, mjini Hamilton, Ontario, mashine ilisimama baada ya sekunde chache na skrini ikasema hakuna mionzi iliyotoka. Mwendeshaji akabonyeza P, yaani endelea. Ikasimama tena. Akabonyeza tena, jumla mara nne, kwa sababu mashine hizi zilikuwa na tabia ya kusimama ovyo na watu walishazoea. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka 40. Alifariki mwezi Novemba kwa saratani yake, lakini madaktari walisema kwamba angeishi angehitaji kubadilishwa nyonga. AECL walituma watu, hawakuweza kulirudia kosa, wakashuku swichi moja, wakaibadilisha, halafu wakatangaza kwamba usalama umeongezeka angalau mara 100,000. Mara 100,000, kwa kurekebisha kitu ambacho hawakuwa na hakika kwamba ndicho kilichoharibika!

Mwezi Desemba mgonjwa wa Yakima, jimbo la Washington, alitoka na michirizi myekundu kwenye ngozi. Hospitali ikaandika barua. Mwezi Februari 1986 kampuni ikajibu kwamba mashine haingeweza kusababisha hayo, na kwamba hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kupatwa na jambo kama hilo. Wakati barua hiyo inaandikwa, kesi ya Marietta ilikuwa tayari imefika kwao, na ya Hamilton walikwenda kuitazama wenyewe.

Hapa ndipo damu yangu huchemka. Ule mfumo mzuri wa sheria tangu konokono unamtaka aliyeumia aonyeshe kasoro. Sawa. Aionyeshe vipi? Msimbo umefungwa ndani ya kampuni. Hospitali hazina nakala. Hospitali ya Yakima haijui kuna Marietta. Na yule pekee anayejua zote mbili ndiye anayedaiwa.

Ukweli ulipatikana Tyler, Texas, na haukupatikana na wakili wala mkaguzi wa serikali. Tarehe 21 Machi 1986 mwendeshaji mmoja, mwanamke mwenye uzoefu na vidole vyepesi, aliandika herufi x ya eksirei mahali alipotaka e ya elektroni. Kosa dogo kama hayo tunayoyafanya kila siku. Akaliona, akapanda na kitufe cha kishale, akarekebisha, akashuka haraka kwa kubonyeza kitufe cha kuingiza, skrini ikaonyesha kila kitu sawa, akawasha. Mashine ikasimama na kuandika "Malfunction 54". Kitabu cha maelekezo hakikueleza namba hiyo ina maana gani. Skrini ikaonyesha mgonjwa amepata vipimo 6 tu kati ya 202. Akabonyeza P.

Ndani ya chumba, mgonjwa alikuwa amehisi kama amepigwa na umeme mgongoni na alikuwa akijaribu kuinuka. Mara ya pili ikampata mkononi. Kamera ya chumba ilikuwa haijaunganishwa siku hiyo na kipaza sauti kilikuwa kibovu, kwa hivyo mwendeshaji alijua kuna jambo pale tu mgonjwa alipogonga mlango. Wahandisi wa AECL walikuja, hawakuona kitu, na mmoja wao akadokeza kwamba pengine ni umeme wa kawaida wa jengo. Mafundi wa nje wakapima, hakuna umeme uliovuja. Mashine ikarudishwa kazini tarehe 7 Aprili. Tarehe 11 Aprili, mwendeshaji yule yule, kosa lile lile, Malfunction 54, mgonjwa mwingine. Safari hii ilikuwa usoni. Huyu alifariki tarehe 1 Mei. Wa kwanza alifariki miezi 5 baada ya ajali yake.

Mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, aliifunga mashine siku hiyo hiyo. Akaketi na mwendeshaji, wakaanza kurudia kila alichobonyeza. Mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Mwisho wakagundua kwamba siri ni mwendo. Ukiandika polepole, kosa halitokei. Ukirekebisha haraka, linatokea.

Kwa wanaotunga programu, maelezo ni haya. Kazi kadhaa zilikuwa zikienda pamoja na kushirikiana sehemu ile ile ya kumbukumbu. Ukifika chini ya skrini, programu inaamini umemaliza, inaanza kupanga sumaku, na kupanga sumaku huchukua kama sekunde 8. Ukibadilisha x kuwa e ndani ya sekunde hizo, upande mmoja wa programu unaona badiliko na kuizungusha meza kwenye elektroni, na upande wa pili hauoni na unabaki na nguvu ya eksirei. Wajaribuji wa kampuni hawakuwa na vidole vya mtu anayefanya kazi hiyo mara nyingi kwa siku. Kwa maneno mengine, mashine iliua pale ilipokutana na mtu anayeijua kazi yake vizuri.

Tiba ya kwanza ya AECL? Barua kwa hospitali zote: ng'oeni kitufe cha kishale cha juu, na zibeni swichi yake kwa tepu. Sitanii. Tarehe 2 Mei 1986 FDA, shirika la Marekani linalosimamia chakula, dawa na vifaa vya tiba, likatangaza kwamba mashine ina kasoro na likadai mpango wa kuirekebisha. Walipokuwa bado wanaandikiana barua, tarehe 17 Januari 1987, Yakima tena, mgonjwa mwingine akaungua, akafariki mwezi Aprili.

Na hili lilikuwa kosa tofauti kabisa! Kulikuwa na namba moja ya baiti moja iliyokuwa ikiongezwa 1 kila mara programu ilipozunguka, na kama si sifuri basi mahali pa meza panakaguliwa. Baiti moja hufika 255, na ikiongezwa tena inarudi sifuri. Kwa hivyo kila mzunguko wa 256, ukaguzi unarukwa. Ukibonyeza kitufe katika nukta hiyo hiyo, mwale unatoka meza ikiwa popote. Marekebisho yake hayakuzidi kuweka thamani isiyobadilika badala ya kuongeza 1.

Jumla ni watu 6 katika muda wa miezi kama 20, na angalau 3 waliuawa na mionzi yenyewe. Mwezi Februari 1987 FDA ilitaka mashine zote zisitumike, na baadaye mwaka huo ndipo mpango wa kuzirekebisha ulipokubaliwa, ukiwa na vile vizuizi vya umeme ambavyo Therac-20 ilikuwa navyo tangu mwanzo.

Tena kuhusu Therac-20 kuna kisa kinachonifurahisha na kunihuzunisha. Katika Chuo Kikuu cha Chicago wanafunzi walikuwa wakijifunzia kwenye mashine hiyo, na kila muhula mpya ulipoanza fyuzi zilikuwa zikikatika ovyo, halafu wanafunzi wakizoea, mambo yanatulia. Baada ya habari za Tyler, mwanafizikia wa pale alichunguza akakuta kosa lile lile la kurekebisha haraka limo pia katika programu ya Therac-20. Lilikuwamo miaka yote. Fyuzi ilikatika, mwale ukazimika, hakuna aliyeumia, na kwa sababu hakuna aliyeumia hakuna aliyeandika ripoti.

Sasa fidia. Familia zilifungua kesi, na kesi zikaisha kwa makubaliano nje ya mahakama. Siwalaumu hata kidogo. Mtu ana maumivu na bili za hospitali, hawezi kungoja miaka 10 ili mimi na wewe tupate hukumu ya kusoma. Lakini ni kama konokono wa Paisley, na hapa bila ya ule uamuzi wa majaji wa London. Hakuna jaji aliyeulizwa kama msimbo ni bidhaa kama gurudumu. Tunachokijua leo tunakijua hasa kwa sababu Nancy Leveson na Clark Turner walikusanya barua, ripoti na ushahidi wa kiapo, wakavichapisha mwezi Julai 1993. Sheria ilibadilika mahali pamoja: mwaka 1990 Marekani iliwalazimisha wenye hospitali nao kuripoti vifaa vinavyoua au kuumiza. Kabla ya hapo wajibu huo ulikuwa wa mtengenezaji.

Ulaya ina sadfa ya ajabu. Sheria yao kuu ya bidhaa zenye kasoro ilipitishwa tarehe 25 Julai 1985, siku moja kabla ya ajali ya Hamilton. Ilisema bidhaa ni kitu chochote kinachohamishika, na umeme pia. Programu haikutajwa, na mawakili wakabishana kwa karibu miaka 40. Sheria mpya ilipitishwa tarehe 23 Oktoba 2024, nayo inataja programu waziwazi kuwa ni bidhaa, iwe ndani ya kifaa au iwe kwenye mtandao. Mahakama inaweza kumwamuru mtengenezaji atoe ushahidi alio nao, na akikataa, kasoro inachukuliwa kuwa ipo. Kama teknolojia ni ngumu mno hata aliyeumia hawezi kuithibitisha kasoro, jaji anaweza kuikubali kwa dalili. Programu huria zinazotungwa nje ya biashara zimeachwa, na nadhani hiyo ni haki. Inahusu bidhaa zinazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026.

Nasi je? Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro za bidhaa au huduma. Bidhaa au huduma. Kwa hivyo yale mabishano ya Wazungu, kwamba programu ni kitu au ni kazi, kwetu hayana uzito huo, maana yote mawili yamefunikwa. Kilichobaki ni lile swali la Marietta: nani anafungua msimbo ili tuone? Hospitali zetu zinanunua mashine zilizojaa programu, na ningependa kuona swali hilo limeandikwa kwenye mkataba wa ununuzi kabla hela hazijatoka.

Na yule mtunzi wa programu? Aliondoka AECL mwaka 1986. Katika kesi kampuni iliulizwa juu ya elimu yake na uzoefu wake, na wafanyakazi wake hawakuweza kusema lolote la maana. Leveson na Turner hawakuandika jina lake.